Laki moja ya kununulia mafuriko: je, nyongeza za Civilization zina thamani?

Swali: Shikamoo kaka. Nina Civilization VI, gemu ya kompyuta ya kujenga taifa zamu kwa zamu, niliyoichukua bure kwenye duka la Epic mwezi Mei 2020, vyuo vilipokuwa vimefungwa kwa sababu ya corona. Nimeicheza mpaka nikaichoka, nikaifuta, nikaipakua tena. Wenzangu wananicheka, wanasema bila nyongeza yake ya Gathering Storm mimi bado sijaicheza Civ. Nikiangalia bei, hiyo ni dola 40, kuna nyingine, Rise and Fall, ya dola 30, halafu kuna vipakiti vya mataifa na viongozi visivyoisha. Dola 40 kwangu ni laki moja hivi, yaani umeme na bando la mwezi. Je, nyongeza hizi zina thamani ya hela yake au tunakamuliwa tu? – Msomaji, Morogoro

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Nikupe jibu kwanza, maelezo yafuate. Nunua moja tu, hiyo Gathering Storm. Ngoja punguzo. Na inunue hapo hapo Epic ulikochukulia gemu yenyewe. Rise and Fall iache, na vipakiti viache kabisa mpaka siku utakayokuwa na hela ya kuchezea kweli.

Nianze na hilo la duka, maana limeponza wengi na mimi nimo. Nyongeza haihami duka. Ukiinunua Steam wakati gemu yako iko Epic, hutaiona popote. Miaka michache iliyopita niliona nyongeza ya gemu moja ya vita imeshushwa bei, saa saba usiku, nikalipa bila kuangalia niko duka gani. Asubuhi nafungua kompyuta, naambiwa sina gemu ya kuiwekea. Nilikuwa nimenunua mfuniko wa sufuria ya jirani. Hela ilirudi, lakini ilikaa njiani siku kadhaa, na kwenye duka nililopaswa kununua punguzo lilikuwa limeshaisha.

Sasa swali lenyewe. Kinachouzwa kwa jina la nyongeza ni vitu viwili tofauti, na ugomvi mwingi kati yako na wenzako unatokana na kuvichanganya. Kuna kinachoingia kwenye mchuzi, na kuna kinachopamba sahani. Kiongozi mpya, taifa jipya, mavazi mapya ya askari, hivyo ni vya sahani. Vinapendeza, lakini ukifika zamu ya 150 utakuwa unafanya maamuzi yale yale uliyoyafanya jana ukiwa na taifa lingine. Kinachoingia kwenye mchuzi ni kanuni mpya, ile inayokufanya usimame kabla ya kubonyeza zamu inayofuata na kujiuliza kitu ambacho mwaka jana hukuwa na haja ya kujiuliza.

Nikuonyeshe. Chukua Kongo, taifa ambalo tayari unalo maana limo kwenye gemu ya msingi. Umepeleka walowezi ng'ambo ya ghuba, ukaanzisha mji kwenye kipande kizuri chenye shaba na samaki, lakini miji mitatu ya Hispania imekuzunguka. Kwenye gemu yako ya sasa huo mji ni wako. Utaupoteza siku Mhispania atakapokuja na majeshi, na asipokuja unakaa nao mpaka mwisho wa dunia. Ukiweka kanuni za Rise and Fall, iliyotoka Februari 2018, mji una kipimo cha uaminifu kinachoanzia 100. Wakazi wa miji iliyo ndani ya vigae tisa (vile vipande vya ramani) wanauvuta, na kadiri mji wa jirani ulivyo karibu na mkubwa ndivyo unavyovuta zaidi. Tuseme unapoteza uaminifu 14 kila zamu. Piga hesabu: kabla ya zamu ya nane kupita, mji umekukana, umejitangaza huru, na baada ya hapo mwenye kuvuta kwa nguvu ndiye atakayeubeba. Hakuna risasi iliyopigwa. Ukimpeleka gavana anaongeza 8, kwa hiyo sasa unapoteza 6, na umejinunulia zamu kumi na sita badala ya saba. Ndani ya hizo kumi na sita unajenga mnara wa ukumbusho, unanunua ghala watu waongezeke, au unaanzisha mji wa pili karibu ili na wewe uwe na kitu cha kuvutia. Hapo tayari unacheza gemu nyingine. Hata swali la wapi pa kuweka mji limebadilika tangu zamu ya 20, kwa sababu unajua jirani anavuta.

Na hao magavana ni saba, mmoja anaitwa Amani. Huyu ana kipaji ambacho wenzake hawana: anaweza kutumwa kwenye dola-mji, yaani mji mmoja unaojitawala wenyewe, na akishatulia huko anahesabiwa kama wajumbe wawili. Sasa kumbuka kwamba kuwa mlezi wa dola-mji kunahitaji wajumbe watatu na uwazidi wengine, na kwamba anayekuwa wa kwanza kukutana na dola-mji hupewa mjumbe mmoja wa bure. Ukiwa wa kwanza kufika Zanzibar, ukamtuma Amani, mmoja na wawili ni watatu. Zanzibar imekuwa yako, na inakupa mdalasini na karafuu, bidhaa mbili zisizopatikana popote pengine kwenye ramani. Kila moja inaleta huduma sita, yaani vitu vya kuwaridhisha wakazi, kwa miji yako, wakati bidhaa za anasa za kawaida huleta nne. Zanzibar imo kwenye gemu ya msingi, unaijua. Amani ndiye aliyekuja na nyongeza, na amefanya kisiwa kilichokuwa bahati ya ramani kiwe mpango unaoweza kuupanga. (Watengenezaji hawa hawajaanza leo kutuchungulia. Civilization IV ya mwaka 2005 ilifunguka kwa Sala ya Bwana iliyoimbwa kwa Kiswahili, na wimbo huo ukaja kupata Grammy mwaka 2011. Nilipousikia mara ya kwanza nilidhani jirani amefungulia redio.)

Sasa utaniuliza, mbona nimekuambia uiache Rise and Fall wakati nimetumia aya mbili kuisifu? Hapa ndipo penye siri ambayo muuzaji hakupigii kelele. Gathering Storm, iliyotoka Februari 2019, imebeba ndani yake kanuni zote za Rise and Fall: uaminifu wa miji, magavana, enzi za dhahabu na enzi za giza, vyote. Kisichobebwa ni mataifa na viongozi wake, yaani Shaka wa Wazulu na wenzake. Kwa hiyo anayelipa dola 30 za Rise and Fall baada ya kuwa na Gathering Storm analipia sahani tu. Na si mara ya kwanza. Civilization V ilipotoka mwaka 2010 haikuwa na dini wala njia za biashara kati ya mataifa. Gods & Kings ya 2012 ikaleta dini na majasusi, Brave New World ya 2013 ikaleta biashara, utalii na itikadi, na hiyo ya pili nayo ikabeba kanuni za ile ya kwanza. Kwa gemu hii, nyongeza kubwa ya mwisho ndiyo ya kununua.

Gathering Storm yenyewe inaongeza nini juu ya hapo? Ardhi inakuwa hai. Kuna mito inayofurika, volkano, ukame na tufani. Mtu wa Rufiji haambiwi hili: maji yakizidi yanabeba mazao, yakishuka yanaacha udongo. Kwenye gemu ni vivyo hivyo. Mafuriko yanabomoa mashamba na majengo yaliyo kwenye bonde, lakini kigae kilichofurika kinaweza kubaki na rutuba zaidi kuliko kabla, na mji ulioangamizwa mara mbili ukaja kuwa na chakula kuliko yote. Unajenga bwawa mapema ili ulale usingizi, au unayaacha maji yaje uvune baadaye? Mimi huyaacha yaje, halafu hujuta, halafu mchezo unaofuata huyaacha tena.

Baadaye kuna umeme. Makaa ya mawe hayatoshi tena kuwa nayo kwenye ramani. Yanahifadhiwa ghalani na yanaliwa kila zamu, na kila unapochoma hewa inachafuka, dunia inapata joto, bahari inapanda. Maeneo ya chini ya pwani yamegawanywa katika ngazi tatu, mita 1, 2 na 3, na yanazama kwa mpangilio huo. Kinachouma ni kwamba anayechoma si lazima awe anayezama. Nimewahi kupoteza bandari na vigae vinne vya mji mzuri kwa sababu ya viwanda vya taifa lililokuwa upande wa pili wa ramani, taifa ambalo sikuwa hata na balozi kwao. Nilikaa naangalia skrini kama mtu aliyeibiwa viatu msikitini.

Si yote mazuri. Baraza la Dunia linanikera. Linaanza kuitishwa tangu enzi za kati, kila baada ya zamu thelathini kwa mwendo wa kawaida, na mara nyingi unapigia kura mambo yasiyokuhusu, kama mtu aliyekokotwa kwenye mkutano wa mtaa asiokaa. Ushindi wa kidiplomasia uliojengwa juu yake nao hauna ladha. Lakini hata ukilitoa hilo, kilichobaki bado ni kingi.

Juu ya kukamuliwa, wala hujakosea. Upo ukamuaji, na namna yake mbaya kuliko zote ni ile ambapo kidonda kinatengenezwa ili dawa iuzwe. Chukua Europa Universalis IV, gemu ya mwaka 2013 ambayo ukijumlisha nyongeza zake zote kwa bei kamili unapata mamia ya dola. Juni 2015 ilikuja nyongeza iitwayo Common Sense. Siku hiyo hiyo sasisho la bure lilibadilisha namna majimbo yanavyopimwa kwa kila mchezaji, lakini uwezo wa kuyaendeleza majimbo yako kwa mkono ukawekwa ndani ya nyongeza. Asiyelipa akabaki na kipimo kipya asichoweza kukigusa. Hapo mtu ana haki ya kukasirika. Aprili 2021 ikatoka Leviathan kwa gemu hiyo hiyo, imejaa kasoro kiasi kwamba wachezaji waliishukia Steam kwa maoni mabaya ambayo ni bidhaa chache zimewahi kuyapata, na mkuu wa studio akaomba radhi hadharani. Walioinunua siku ya kwanza waliuziwa mbuzi kwenye gunia. Na hata Civilization haina usafi wote: ya saba ilitoka Februari 2025 kwa dola 70, na Uingereza, taifa ambalo mtu angetegemea kulikuta mezani, likaja mwezi uliofuata ndani ya kifurushi cha kulipia.

Hao wa Europa wana nafuu moja ambayo Civ haina. Tangu Machi 2021 unaweza kukodi nyongeza zote kwa mwezi. Ilianza kwa dola 4.99. Unakodi mwezi wa likizo, unacheza, unaacha. Tena mkicheza wengi, nyongeza za mwenye kufungua mchezo ndizo zinazotumika kwa wote, kwa hiyo mmoja akilipa kijiwe kizima kinafaidi. Na ukitaka kujaribu bahati ya Kilwa kuanzia mwaka 1444, Kilwa ipo kwenye ramani ya gemu ya msingi, hulipii senti ya ziada.

Kwa Civ VI mambo ni kinyume. Mkicheza mtandaoni kwa kanuni za Gathering Storm, kila mmoja sharti awe nayo. Kwa hiyo kabla hujalipa, waulize hao wanaokucheka: mtacheza pamoja kweli, au ni maneno ya kijiweni? Kama mnaishi jirani ipo njia ya bure, kuchezea kompyuta moja kwa kupokezana kiti. Mwenye nyongeza mmoja anatosha, mwingine anachemsha chai zamu ya mwenzake ikiwa inaendelea. Mimi na rafiki yangu tulimaliza mchezo mmoja hivyo kwa wikiendi tatu, na sina hakika kama sijaufurahia kuliko ile ya mtandaoni.

Kuna jambo dogo linalonifanya niziamini nyongeza nzuri mpaka leo. Mwaka 2000 gemu ya Age of Empires II ilipata nyongeza yake, The Conquerors. Wengi wanakumbuka mataifa mapya, Waazteki na Wahun. Mimi nakumbuka mashamba. Kabla ya hapo shamba likiisha ulilazimika kulirudia mwenyewe, moja baada ya jingine, huku adui anabomoa ukuta wako upande mwingine. Nyongeza ile ikakuruhusu kulipia mashamba kadhaa mapema pale kinuni, yakajipanda upya yenyewe. Tulikuwa tunalipia saa kwenye chumba cha kompyuta za kukodi, na kompyuta mbili tu ndizo zilizokuwa na hiyo nyongeza. Watu walikuwa wanapanga foleni ya kompyuta hizo mbili huku nyingine zimekaa wazi. Hakuna aliyekuwa anafuata Waazteki.

Sasa wewe. Umesema umeicheza mpaka ukaichoka, halafu ukairudia. Uliichokea wapi? Kama ni pale katikati, ambapo umeshajua utashinda na unabonyeza zamu tu kama anayesukuma mkokoteni mteremkoni, basi Gathering Storm imetengenezwa kwa ajili yako. Enzi ya giza inaweza kukukuta ukiwa kileleni na miji yako ya pembeni ikaanza kuangalia kwa jirani. Lakini kama uliacha kwa sababu kompyuta inajikokota zamu zikiwa nyingi, nyongeza haitakuponya, itakuongezea mzigo. Gemu hii kiwango chake cha chini ni RAM ya GB 4 na kinachopendekezwa ni GB 8. Ukiwa na 4, hiyo laki kaongeze RAM kwanza, halafu cheza ramani ndogo. Na kama hujawahi kumaliza mchezo hata mmoja mpaka mwisho, usinunue kitu. Hujajua bado unakosa nini.

Vipakiti nitavipita haraka. Kile kikubwa, New Frontier Pass, kilitolewa kwa vipande kati ya Mei 2020 na Machi 2021. Kina Ethiopia ya Menelik II, na kina namna za kuchezea za ajabu ajabu, ikiwemo ya wafu waliofufuka. Ethiopia ni taifa tamu. Mengine ni viungo vya mtu aliyekwisha shiba. Ukitaka Afrika, Gathering Storm inakupa Mali ya Mansa Musa. Miji yake ni goigoi kwenye kujenga, ina dhahabu ya kununua karibu kila kitu, na hupenda jangwa ambalo wengine wanalikimbia.

Bei. Dola 40 ni ya siku zisizo na sikukuu. Gemu hii ni ya Oktoba 2016, na nyongeza zake hushuka chini ya nusu mara nyingi tu. Mara kadhaa kifurushi chenye gemu na nyongeza zake zote kimeuzwa kwa hela pungufu ya bei kamili ya Gathering Storm peke yake, kwa hiyo siku ya punguzo angalia vyote viwili kabla hujabonyeza. Epic huwa na punguzo kubwa kuelekea Mei na Juni, na jingine Desemba. Ikifika huko na bei imeshuka mpaka dola 10, lipa bila kujadili. Ikiwa 20, inategemea hali yako. Kwa 40, hapana, hata kama una hela. Tumia kadi ya mtandaoni unayoifungua kwenye simu, weka humo kiasi cha ununuzi huo na kidogo cha makato, basi. Kwa wanaonunua Steam, wana siku 14 za kudai hela ya nyongeza, mradi hawajacheza gemu saa mbili tangu walipoinunua. Saa mbili kwenye Civ ni kama dakika tano za kwingine, kwa hiyo weka kengele.

Kuhusu ya saba, subiri. Civilization V ilichukua miaka mitatu na nyongeza mbili kuwa gemu tunayoikumbuka, ya sita kadhalika.

Ukishaipakua, usiendelee na mchezo wako wa zamani ukitegemea kuona mafuriko. Mchezo uliohifadhiwa unabaki na kanuni zake za mwanzo. Fungua mpya, ingia kwenye mipangilio, pale penye kanuni chagua Gathering Storm, na nguvu ya majanga iweke ya katikati. Chukua Kongo unayoijua tayari, ili kitu kigeni kiwe ardhi peke yake. Weka mji wa pili kando ya mto, panda mashamba bondeni, na usijenge bwawa.